Niliahidi kwa Mfuko wa Wengine

Maneno "Sema bei yako" niliyaandika mimi. Naanza hapo kwa sababu kwa muda mrefu, kila nilipoulizwa, nilijibu kwamba "tuliyaandika", kana kwamba palikuwa na jopo. Hapakuwa na jopo. Kampuni moja yenye soko la mtandaoni hapa Dar es Salaam ilitaka kauli mbiu mpya, wakala wa matangazo niliyekuwa nikifanya naye kazi akanikabidhi, nami nikaleta maneno matatu. Yalipita kikaoni bila kuguswa hata herufi. Kwa sisi tunaokula kwa kuandika matangazo hiyo ni heshima kubwa, na niliipokea kwa mikono miwili.

Soko lenyewe sitalitaja. Kama lina makosa yake, yana wenyewe wa kuyaungama. Hapa naeleza la kwangu.

Lilikuwa programu ya simu kama nyingine unazozijua. Muuzaji anaweka picha na bei, mnunuzi anabonyeza, bodaboda anapeleka mzigo, pesa inapita kwenye simu, kampuni inakata kamisheni. Wauzaji wake ni wale wale unaokutana nao kila siku: kina dada wanaouza magauni ya watoto kutoka sebuleni, vijana wa Kariakoo wenye kava za simu na spika ndogo, wachambuzi wa mitumba wa Ilala wanaoweza kukuambia shati limetoka belo gani kwa kulishika tu.

Kilichokuwa kipya ni kitufe. Mnunuzi akiona gauni la shilingi 35,000, badala ya kulipa au kupita, angeweza kuandika bei anayoitaka yeye na kumtumia muuzaji. Kazi yangu ilikuwa kumfanya mtu aliyebanwa kwenye daladala ya Mbagala atamani kukibonyeza. Karatasi ya maelekezo niliyopewa ilimchora mnunuzi huyo kwa kina: umri wake, anakoishi, anavyotumia mshahara wake, anavyoogopa kutapeliwa. Kuhusu muuzaji hapakuwa na hata mstari. Sikuuliza. Ningeweza kusema nilisahau, lakini sikusahau. Nililiona pengo hilo nikafurahi, maana ukiwa na watu wawili wa kuwaridhisha kauli mbiu hurefuka.

Kibaya zaidi, onyo nilikuwa nalo mkononi, na nilikuwa nikilitumia kama kichekesho.

Kila nilipoalikwa kuzungumza na vijana wanaoanza kazi hii, nilikuwa na kisa changu cha eBay. Soko hilo la Marekani lilianzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, na bidhaa inayotajwa kuwa ya kwanza kuuzwa pale ni kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. Mwaka 2004 matangazo yake yalizungumzia nguvu ya sisi sote, muuzaji na mnunuzi katika sentensi moja. Miaka mitatu baadaye yakaja maneno mapya: "Shop Victoriously", yaani nunua kwa ushindi. Ununuzi ukawa mchezo wenye bingwa. Wapo wauzaji ambao hawakuyapenda hata kidogo. Swali lao lilikuwa jepesi: kama mnunuzi ndiye mshindi, aliyeshindwa ni nani?

Mimi nilikuwa nikifika hapo nacheka, na vijana wanacheka nami. Niliwaambia hao ni watu wasioelewa mnada. Kwenye mnada anayeshinda anawashinda wanunuzi wenzake, na kadiri wanavyoshindana ndivyo bei inavyopanda, kwa hiyo anayefaidi ni muuzaji huyo huyo anayelalamika. Somo langu likawa kwamba muuzaji huona vita hata panapochezwa mchezo, na kwamba mwandishi wa matangazo hapaswi kumsikiliza.

Hoja ilikuwa nzuri, kasoro yake ni kwamba ilihusu mnada tu. Kufikia 2007 sehemu kubwa ya biashara pale ilikuwa ya bei iliyopangwa: unaona, unalipa, unaondoka. Hapo hakuna mnunuzi mwenzako wa kumshinda. Mko wawili tu, wewe na mwenye mali. Wale wauzaji walikuwa wameisoma kauli mbiu kwa makini kuliko mimi niliyekuwa nikiifundisha. Na miezi michache tu baada ya maneno yale ikaonekana upepo unaelekea wapi. Januari 2008 kampuni ilitangaza kwamba ada ya kuweka bidhaa inashuka na makato ya mwisho yanapanda, kutoka asilimia 5.25 hadi 8.75 kwa dola 25 za kwanza. Ikatangaza pia kwamba muuzaji hataweza tena kumwandikia mnunuzi maoni mabaya, ingawa mnunuzi ataendelea kumwandikia yeye. Februari baadhi ya wauzaji wakagoma kwa wiki nzima. Yote hayo niliyajua. Kwenye mazungumzo yangu nilikuwa nayaacha kwa sababu yaliharibu kichekesho.

Basi "Sema bei yako" ikatoka. Redioni, kwenye mabango, nyuma ya bajaji. Oda zikaongezeka, na kampuni ikafurahi kuliko hesabu zake zilivyostahili, maana kamisheni inakatwa kwenye bei na bei zilikuwa zinashuka. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba waliohitaji kufurahishwa ni wawekezaji, na kilichowafurahisha ni idadi ya mauzo.

Wauzaji hawakuipokea kwa sauti moja. Nalitaja hili kwa sababu nilipokuwa najitetea nililishikilia sana: wapo walioipenda. Kijana wa kava za simu aliipenda. Ananunua kwa dazeni, faida yake kwa kila kava ni nono, na anazo mia za aina moja. Ukimwambia elfu tatu badala ya tano atakupa na kukushukuru. Walioumia ni wenye kitu kimoja kimoja. Dada mwenye gauni moja la saizi ya miaka minne hana la pili la kufidia. Mchambuzi wa mitumba aliyeamka alfajiri kugombania belo amepata koti moja zuri, na hilo koti ndilo lililobeba gharama za mengine yote yasiyonunulika. Hao ndio walioandika. Mmoja aliweka picha ya mkoba na juu yake maandishi makubwa: bei nimeshaisema mimi. Mwingine aliuliza kwa adabu kabisa kama kitufe kinaweza kuzimwa. Hakikuweza. Kwenye eBay, ambako nao wana utaratibu wa mnunuzi kupendekeza bei, muuzaji anaamua kuuruhusu au la, na anaweza kuweka kiwango ambacho chini yake ombi linakataliwa lenyewe. Kwetu kitufe kilibandikwa kwenye kila bidhaa.

Halafu maneno yakatoka kwenye simu. Hili sikulitarajia. Mnunuzi amekubali bei, bodaboda amefika getini Kimara na jua lake, mzigo uko mkononi, ndipo mnunuzi anasema atatoa elfu kumi. Bodaboda anampigia muuzaji. Muuzaji anasema mbona tumeshakubaliana. Mnunuzi anajibu, na jibu lake lilikuwa langu: tangazo limesema niseme bei yangu, nimesema. Mzigo ukirudi, nauli ya kwenda na kurudi ni ya muuzaji. Kwa hiyo anahesabu harakaharaka pale pale kwenye simu, anaona kwamba kukubali hasara ya gauni ni nafuu kuliko kukubali hasara ya safari, na anakubali.

Nilikuwa na utetezi mwingine, ule wa utamaduni. Nilisema kikaoni kwamba sisi ni watu wa kupatana bei, bei ya maongezi tumezaliwa nayo, kwa hiyo kauli mbiu imewarudishia watu Kariakoo yao. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Lakini mtu wa dukani Kariakoo anamwona mteja wake. Anajua kama amekuja kununua au kupoteza muda. Mteja naye amelipa nauli, ametembea juani, hatataja bei ya kijinga kisha aende zake mikono mitupu. Kuna mteja wa asubuhi ambaye atapunguziwa ili afungue biashara, na kuna wa saa tano ambaye hatapunguziwa hata akilia. Kwenye simu ombi halina gharama. Mtu mmoja amelala kitandani anaweza kutuma elfu nane kwa wauzaji ishirini kabla hajapiga mswaki, na kila mmoja wa hao ishirini inambidi ajibu, kwa sababu programu inahesabu muda anaochukua kujibu na inampanga juu au chini kulingana nao. Hayo si maongezi.

Katika kikao hicho hicho nilipewa kusoma malalamiko kwa sauti. Niliyasoma kwa kuigiza. Nina kipaji kidogo cha kuigiza sauti za watu, na siku hiyo nilikitumia: sauti ya mama aliyekasirika, sauti ya kijana anayedai kuonewa. Kicheko kilikuwa kikubwa. Kisha nikaombwa niandike jibu la kampuni kwa wauzaji, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka natamani kulipita haraka. Niliandika kwamba "yako" ndani ya kauli mbiu inamhusu muuzaji pia, kwamba tangu mwanzo ilikusudiwa kumpa kila mmoja nafasi ya kusema bei yake. Ulikuwa uongo. Wazo hilo lilinijia nikiwa naandika lile jibu, muda mrefu baada ya mabango kutundikwa. Lilikaa vizuri kiasi kwamba ndani ya siku chache nilikuwa naliamini mwenyewe, na mkurugenzi alilirudia kwenye mahojiano.

Mke wa rafiki yangu niliyesoma naye alikuwa mmoja wa wale kina dada wa magauni. Anakaa Tabata. Alinipigia simu.

"Shemeji, hayo maneno ya kwenye tangazo ni ya kwako kweli?"

Nikasema ni ya kwangu, kwa sauti ya mtu anayesubiri pongezi.

"Basi njoo uyalipie na bodaboda."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwa utulivu, kama anamsomesha mtoto hesabu. Gauni analichukua kwa jumla kwa 24,000. Kuna kamisheni, kuna mfuko, kuna bando, kuna lile linalorudishwa kwa sababu mtoto amenenepa. Analiuza 35,000 na hapo anabakiwa na kitu kidogo cha kumwezesha kurudi Kariakoo. Bei yake ilikuwa imesimama hivyo kwa muda mrefu na wateja wake waliijua. Sasa kutwa anapokea maombi ya elfu kumi na mbili, elfu kumi na tano. Afanyeje?

Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba nitalipeleka swali lake kwa wenye soko. Badala yake nikampa ushauri. Nilimwambia apandishe kwanza, ndipo ashushe. Aandike 50,000, mnunuzi aseme thelathini, wakutane katikati, kila mtu afurahi. Akasema, "Na wateja wangu ambao hawajui kuomba kupunguziwa?" Nikamjibu watajifunza. Nikaongeza kwamba biashara ya kisasa haitaki woga. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo. Sijawahi kuuza hata karanga.

Akafuata. Kwa muda ilifanya kazi kama nilivyosema. Wanaoomba kupunguziwa waliomba, wakapunguziwa, wakaondoka wakijiona wajanja. Ila alikuwa na mteja mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa zamani, aliyekuwa akinunua bila maneno mengi kwa sababu aliamini kwamba bei iliyoandikwa ndiyo bei. Mwalimu huyo aliona gauni la 50,000, akadhani vitu vimepanda, akalipa 50,000. Wiki hiyo hiyo mwenzake wa ofisini alinunua gauni hilo hilo kwa 34,000. Magauni yalikutana kwenye sherehe ya ubatizo.

Mwalimu hakugombana. Alituma ujumbe mfupi wa kumtakia biashara njema, na hakununua tena, wala yeye wala walimu wenzake, ambao mmoja baada ya mwingine walikuwa wateja. Shemeji alinisomea ujumbe ule. Aliposema "mtu aliyeniamini ndiye niliyemwibia", hakuongeza kwamba ushauri ulikuwa wangu. Hakuhitaji.

Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi. Kauli mbiu yangu iliwapunguzia bei wasumbufu, na pengo likajazwa na waaminifu. Wala haikuwa Tabata peke yake. Ushauri niliompa shemeji ulikuwa umeshawajia wauzaji wengi bila kuhitaji mtaalamu, na baada ya muda karibu kila bei sokoni ilikuwa imevimba. Mnunuzi mgeni akiingia anaona kila kitu ghali na anatoka. Mnunuzi mzoefu haamini namba yoyote. Muuzaji ambaye amekataa kuvimbisha anaandika bei ya kweli, na bado anaambiwa apunguze nusu, kwa sababu ndivyo wote wanavyofanya. Soko ambalo nililiandikia maneno ya kuvuta watu likawa mahali ambapo hakuna anayesema bei yake hata kidogo.

Mtu anayetangaza sabuni anaahidi kuhusu sabuni anayoitengeneza. Isipong'arisha, aibu ni yake na hasara ni yake. Soko la mtandaoni halina gauni, halina kava, halina pikipiki. Likiahidi bei nafuu, wa kuitimiza ni mwingine. Nilikuwa nimesimama barabarani nikiwakaribisha wapita njia kwenye pilau ya jirani, na nikajisifu kwa wingi wa waliokuja.

Hili nililielewa polepole, na sikulielewa kwa wema wa moyo wangu. Nilikuwa nakusanya mifano kwa ajili ya kazi nyingine nikaanza kusoma habari za Etsy, soko la vitu vya mikono lililoanzia Brooklyn mwaka 2005. Mwaka 2019 liliwahimiza wauzaji wa Marekani wasitoze gharama ya usafirishaji kwa oda za dola 35 na kuendelea, na waliokubali wakapewa nafasi ya mbele kwenye utafutaji. Mnunuzi aliona usafiri wa bure. Anayefuma sweta alitakiwa kuuingiza usafiri huo ndani ya bei ya sweta, au aumeze mwenyewe. Kisha tarehe 11 Aprili 2022, siku ambayo makato ya mauzo yalipanda kutoka asilimia 5 hadi 6.5, maelfu ya wauzaji walifunga maduka yao kwa wiki moja, wengi kwa kutumia kitufe cha muuzaji anayekwenda likizo. Kampuni hiyo hupenda kusema kwamba kazi yake ni kuifanya biashara ibaki na utu. Niliposoma madai ya waliogoma nilikuta maswali ya shemeji yangu. Kwanza nilihisi kufarijika, kwamba kumbe hata wakubwa wanakosea. Faraja hiyo ilidumu kidogo tu. Wale walikuwa mbali na wauzaji wao. Mimi wangu alinipigia simu, akanipa hesabu zote, nami nikamfundisha kuvimbisha bei.

Kampuni haikuitangaza siku ya kuiondoa kauli mbiu. Ilififia. Mabango yalibadilishwa moja moja, redioni ikaacha kusikika, na siku moja nikapigiwa simu kuulizwa kama ninaweza kuandika mpya, safari hii kuhusu mzigo kufikishwa mlangoni bure. Niliuliza nani atamlipa bodaboda. Nikaambiwa wauzaji wataiweka kwenye bei. Ningependa kuandika hapa kwamba nilikataa na kueleza kwa nini. Nilisema nina kazi nyingi mwezi huo. Mwenzangu mmoja aliichukua na aliifanya vizuri.

Shemeji aliondoka kwenye soko lile. Anauza kupitia WhatsApp, picha moja kwa siku, bei imeandikwa juu ya picha yenyewe ili isigeuke njiani. Wateja ni wachache kuliko zamani. Nilikwenda Tabata kumwomba radhi, nikiwa nimejiandaa kwa maneno mengi, na nadhani aliyaona yanakuja. "Yamepita, shemeji," akasema, akaniletea chai. Mwenye Kiswahili anajua kwamba hilo si sawa na kusema nimekusamehe. Mwalimu sijawahi kumtafuta. Ningemwambia nini? Kwamba tofauti ya shilingi 16,000 aliyolipa ilikuwa wazo langu?

Mazungumzo na vijana bado nayafanya, na kisa cha eBay bado nakisimulia, ila sasa nakifikisha hadi Februari 2008, na hakuna anayecheka. Cha kwangu sijawahi kuwasimulia. Wakiniuliza kuhusu kazi nilizowahi kufanya nawapa kijitabu changu, kile ninachokitumia kutafutia tenda. "Sema bei yako" imo humo, ukurasa wa pili, pamoja na picha ya bajaji na mstari unaoonyesha oda zilivyopanda. Mstari huo unaishia pale pale oda zilipokuwa juu. Niliukata mimi.